Seli nyeupe haina miguu, haina misuli, haina hata ubongo. Sasa inamkimbizaje bakteria?

Mdadisi_wa_Usiku

Wakuu salama? Naombeni msaada, hili jambo leo siku ya tatu halitoki kichwani na nikimuuliza mtu ananiangalia kama nimechanganyikiwa vile. Juzi usiku usingizi umegoma nikawa napekua pekua vidio nikakutana na kile kipande cha zamani cha nyeusi na nyeupe, seli nyeupe ya damu inamkimbiza kijidudu katikati ya chembe nyekundu. Yani kijidudu kinakata kushoto na yenyewe inakata kushoto, kinajibanza huku na yenyewe inajipenyeza huku, mpaka mwisho inakimeza. Nimeirudia kama mara 10.

Sasa maswali yangu. Ile kitu inaogelea au inatambaa? Maana sioni mkia sioni mguu, naona uji tu unajivuta. Misuli imeundwa na seli nyingi, sasa seli moja misuli inaitoa wapi? Af nani anaiambia "kushoto, kushoto" na hana macho? Na yule kijidudu mwepesi vile mbona anashindwa kutoroka?

Nilisoma arts jamani, nielezeni taratibu.

Mzee_Kizamani

Mdadisi acha kujitesa. Hapo hakuna anayetembea, ni mkondo tu wa damu. Ukitupa majani mtoni yote yanaenda, utasema jani linalifukuza jani lenzie?

SlaidiMbichi

Mzee shkamoo lakini hapo hapana. Mi kazi yangu ni maabara, nimeinamia hadubini miaka mingi, na hilo la mkondo ndo kosa la kwanza ambalo kila mwanafunzi anafanya akiingia. Ukiweka tone kwenye slaidi ukafunika na kioo, mara nyingi vitu vinaanza kusogea kwasababu maji yanakauka pembeni au kioo hakijatulia. Kuutambua mkondo ni rahisi, vyote vinaenda upande mmoja kwa spidi moja, wazima na wafu na hata vumbi. Sasa angalia tena ile vidio, chembe nyekundu zimekaa palepale, ni yeye tu anapita katikati yao. Hiyo damu imetandazwa kwenye kioo, haiko kwenye mshipa, hamna moyo unaosukuma hapo. Ile picha aliichukua David Rogers wa chuo kikuu cha Vanderbilt kule Marekani miaka ya 1950, na yule mkimbizaji anaitwa neutrofili, ndo wengi kuliko wote kwenye seli nyeupe za damu yako.

Halafu Mdadisi kaa chini nikwambie kitu kitakachokuharibia vidio yako. Yule kijidudu HAKIMBII.

Ni Staphylococcus aureus, na hao hawana mkia wala kifaa chochote cha kutembelea. Kale kacheza cheza unakokaona ni molekuli za maji zinakagonga huku na huku, kanatikisika tu kama boya. Robert Brown aliliona hilo mwaka 1827 kwenye vipunje vilivyotoka ndani ya chavua, akadhani labda ni uhai, akajaribu na vumbi la mawe nalo likatikisika vilevile. Maabara tunafundishwa kutofautisha kabisa, anayetikisika anarudi rudi palepale hana safari, anayetembea kweli anapita wenzie na anabadili njia. Na hapo kwenye vidio juu ya kutikiswa anasukumwa pia na mwili wa yule anayemfuata, kwaiyo kwa macho inaonekana kama anakata kona.

Mdadisi_wa_Usiku

Wewe!!! Kwaiyo siku tatu nimekuwa namshangilia mtu aliyekaa?? 😂😂 Haya umeniua. Lakini bado hamjanijibu huyu mwingine anatembeaje.

Bi_Chembe

Hapo ngoja nijaribu mimi, nafundisha baiolojia na hii mada naipenda kuliko zote, mtanivumilia urefu.

Mdadisi umeuliza misuli inatoka wapi, swali lako ni zuri ila umeligeuza kichwa chini. Vitu vinavyofanya msuli uvute ni protini mbili, aktini na maiosini, na hizo hazikubuniwa kwa ajili ya misuli, zilikuwepo kwenye viumbe vya seli moja zamani sana kabla mnyama yeyote hajawa na paja. Msuli ni zilezile protini zimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Kwenye neutrofili zipo lakini hazijapangwa hivyo, zimejaa kama wavu chini ya utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli, na wavu wenyewe unajengwa na kubomolewa muda wote.

Sasa seli inatambaa hivi. Aktini ni vipunje vidogo vinavyoungana kuwa uzi, mnene kama nanomita 7 tu (nanomita milioni moja ndo milimita moja). Kila kipunje kikiongezwa uzi unarefuka nanomita 2.7. Upande wa mbele wa seli nyuzi hizi zinaongezewa vipunje kwenye ncha zinazogusa utando, kwaiyo utando unasukumwa nje, na kuna kundi la protini linaitwa Arp2/3 linaotesha tawi ubavuni mwa uzi wa zamani kwa pembe ya kama digrii 70, tawi nalo linatoa tawi, mpaka unapata kitu kama kichaka kilichobanana kinachosukuma ukingo mzima kwa pamoja. Ule uji unaouona unajivuta mbele, Mdadisi, ndo kichaka hicho. Nyuma yake kidogo nyuzi zilizozeeka zinakatwa vipande, vipunje vinaachiwa, vinarudi mbele kutumika tena. Ni kama mtu anajenga ukuta mbele kwa matofali anayobomoa nyuma, asipoacha ukuta utahama kiwanja.

Ukuta peke yake hautoshi lakini. Lazima ushike chini. Kwenye utando kuna protini zinaitwa integrini, zimepita kutoka ndani mpaka nje, mkono wa nje umeshika sakafu na wa ndani umeshika wavu wa aktini. Halafu nyuma ya seli ndo maiosini inakaza, inabana mkia, zile integrini za nyuma zinaachia na mwili unavutwa kwenda mbele. Kusukuma mbele, kunata, kubana nyuma, kubanduka. Na msidhani ni hatua moja moja kama mtu anavyotembea, vyote vinaendelea kwa wakati mmoja.

Spidi yake ni kama mikromita 10 mpaka 20 kwa dakika (mikromita elfu moja ndo milimita moja), na yenyewe ina upana wa kama mikromita 12 hadi 15, yani kwa dakika moja anasogea urefu wa mwili wake, basi. Vidio nyingi za seli zimeharakishwa msidanganyike. Kwa spidi ya 15, milimita moja tu anaimaliza kwa zaidi ya saa nzima.

fundi_klachi

Dada Chembe nimekuelewa vizuri sana hapo kwenye integrini, hiyo ni klachi kabisa. Kama haijashika injini inazunguka bure gari halitoki.

Bi_Chembe

Kaka umejuaje, wataalamu wenyewe wanaiita hivyohivyo klachi! Kioo kikiwa kinateleza sana aktini inajengwa mbele kama kawaida lakini wavu wote unateleza kurudi nyuma ndani ya seli, tairi linazungukia kwenye tope. Ikinata kupita kiasi nayo shida, nyuma haibanduki, seli inabaki imetanuka tu. Spidi nzuri ipo katikati. Ila nisiwadanganye kuwa bila integrini hamna safari, ndani ya tishu zilizobana kabisa seli nyeupe zinaweza kwenda hata bila kunata, zinajikaza tu kwenye kuta za pande zote kama mtu anayepanda katikati ya kuta mbili kwa mgongo na miguu.

fundi_klachi

Sawa lakini kuna mahali hujanishawishi. Unasema kipunje kinaingia kwenye ncha ya uzi halafu uzi unasukuma utando. Kama uzi umegusa utando tayari, kipunje kinaingilia wapi? Mi nikitaka kuweka spesa kati ya vyuma viwili vilivyogusana lazima kwanza nivitanue. Nani anatanua?

SlaidiMbichi

Fundi umeuliza swali ambalo mi sijawahi kujiuliza miaka yote hii. Ngoja Bi Chembe aje.

Bi_Chembe

Nilikuwa na kipindi samahani. Fundi swali lako hilo liliwasumbua watu wakubwa na jibu lililotolewa mwaka 1993 na Peskin, Odell na Oster mpaka leo mi naliona tamu. Nani anatanua? Hakuna anayetanua. Utando unatikisika wenyewe! Kulekule kutikisika alikosema SlaidiMbichi kwa yule kijidudu, molekuli zinagongagonga kila kitu bila kupumzika, utando unacheza mbele nyuma mbele nyuma, na nyuzi zenyewe zinapinda pinda. Kila mara kidogo sana inatokea nafasi ya nanomita chache kati ya ncha na utando, na kipunje kilichokuwa kinazurura hapo kinachomeka. Kikishachomeka utando hauwezi kurudi ulipokuwa. Unasubiri tikiso jingine, nafasi nyingine, kipunje kingine.

Kwaiyo seli haijaumba nguvu ya kusukuma kama pistoni, imeweka kizuizi cha kurudi nyuma tu.

fundi_klachi

AAAH. Kama zile tai za plastiki za kufungia waya! Ukiitikisa ndani ya meno yake inakwenda mbele tu, kurudi haikubali. Nimeelewa dada, asante sana. Sasa bure bure hiyo? Umeme nani analipa?

Bi_Chembe

Hiyohiyo tai ya plastiki kaka. Na bure hakuna. Kila kipunje kinaingia kikiwa kimebeba ATP, ndo ile pesa ya nishati ya seli, kikishakaa ndani ya uzi inatumika, na kipunje kilichotumia ATP yake kinashikilia kwa ulegevu zaidi ndo maana nyuzi za zamani ni rahisi kukatwa. Bila hiyo malipo ungejenga mara moja ukakwama, kusingekuwa na kubomoa na kurudisha.

Mdadisi_wa_Usiku

Nimesoma yote mara mbili. Sasa kwanini mbele iwe mbele? Seli ni duara, utando umezunguka kote, kutikisika kupo kote, vipunje vipo kote. Mbona isisukume pande zote ikawa chapati tu?

Bi_Chembe

Chapati umenichekesha, lakini hicho ndo kinachotokea kabisa kwa baadhi. Kuna seli za ngozi ya samaki zinaitwa keratositi, hizo ni mashine za kutembea, zinateleza kama nusu mwezi bila kubadilika umbo, mikromita 10 na zaidi kwa dakika. Ukizisumbua zinaachia vipande vya pembeni, kipande hakina kiini wala nini, ni utando na wavu wa aktini na maiosini tu, na watu waligundua miaka ya 1980 kwamba hivi vipande vinaendelea kutembea vyenyewe!! Hakuna kiini, maana yake hakuna amri inayotoka kwenye jeni, na bado kinajua mbele na nyuma.

Lakini baadhi ya vipande vinabaki duara vimetulia palepale, hiyo ndo chapati yako. Aktini inasukuma pande zote, haiendi popote. Mwaka 1999 Verkhovsky na wenzake walifanya kitu rahisi mno, walikisukuma kipande cha duara kwa upande mmoja, kikabonyea, na baada ya hapo kikaanza safari na kikaendelea hata baada ya kuachwa. Upande uliobonyezwa maiosini ikajikusanya ikakaza ukawa nyuma, upande wa pili aktini ikashinda ukawa mbele. Kumbe mbele na nyuma zinapingana zenyewe, palipo na mkazo wa maiosini aktini haitanuki vizuri na pale aktini inapotanuka maiosini inapelekwa nyuma. Ukivuruga usawa kidogo tu upande mmoja unashinda na ushindi unajiongeza.

Kwa neutrofili kinachovuruga usawa ni harufu.

Mzee_Kizamani

Harufu tena. Pua iko wapi?

Bi_Chembe

Mzee wangu pua imetapakaa mwili mzima. Bakteria wakianza kutengeneza protini wanaanza na kipande kilichowekwa alama ambayo seli zetu haziiweki kwenye protini zake za kawaida, ni mitokondria peke yake, vile vijimtambo vya nishati ndani ya seli, inayofanya hivyo na yenyewe asili yake ni bakteria. Vipande hivyo vinavuja kwenda nje na neutrofili ina vipokezi vyake kwenye utando kote. Upande ulio karibu na bakteria unapokea vingi kidogo kuliko upande wa mbali. Kidogo kweli, tofauti ya asilimia 1 au 2 kati ya mbele na nyuma inatosha kumgeuza. Na ndo maana bakteria wa kwenye vidio hata kama angejua kujificha asingeweza, anavuja.

MtotoWaSayansi

Mi ninachoona hapo kuna akili, tusikatae. Kitu kinanusa, kinaamua, kinafuata. Hiyo ni akili.

SlaidiMbichi

Mtoto sikubishii sana lakini kile kipande cha samaki kisicho na kiini nacho kina akili? Mi neno akili naliogopa hapo. Nitakupa mfano wa bakteria wa utumboni E. coli, yeye ni mdogo sana, urefu mikromita 2, akijaribu kulinganisha mbele na nyuma ya mwili wake tofauti ni ndogo mno haipimiki. Anafanya ujanja mwingine, analinganisha SASA na sekunde chache zilizopita. Anaogelea moja kwa moja kama sekunde moja, halafu anapinduka pinduka sehemu ya kumi ya sekunde, anaelekea popote pale bila kuchagua, anaogelea tena. Kama mambo yanazidi kuwa mazuri anachelewa kupinduka, basi. Yani hajui chakula kiko wapi, anajua tu kama hali imepanda kuliko mwanzo, na hiyo peke yake inamfikisha. Ukiangalia njia yake kwenye hadubini utasema mlevi, lakini mlevi anayefika nyumbani.

MtotoWaSayansi

Mlevi anayefika nyumbani ana akili pia 😅 Sawa nimekubali nusu. Sasa huyo E. coli yeye ana mkia si ndio? Anapiga mkia kama samaki?

SlaidiMbichi

Ana mikia kadhaa, flajela, ila hapigi kama samaki, ANAZUNGUSHA. Pale mkia unapoingia mwilini kuna mota, mota kweli yenye sehemu inayokaa na sehemu inayozunguka, upana wake kama nanomita 45, inazunguka kama mara 100 kwa sekunde, na kuna jamaa wa baharini aina ya Vibrio zimepimwa zikafika 1,700 kwa sekunde. Na mota ya E. coli haitumii ATP, inatumia protoni, vijichembe vyenye chaji ya umeme, zinazoingia kutoka nje kama maji yanavyozungusha tabini ya bwawa la umeme. Zikizunguka upande mmoja mikia yote inajisokota kuwa fungu moja inasukuma, mota zikigeuza mzunguko fungu linafumuka ndo hapo anapinduka. Mwaka 1974 Silverman na Simon walithibitisha kwa namna nzuri sana, wakaunata mkia kwenye kioo usiweze kuzunguka, kikazunguka kiwiliwili chake! Kama umeshika pangaboi kwa panga zake halafu boksi la mota ndo linazunguka.

fundi_klachi

Hiyo ya mwisho nimeipenda. Lakini kwanini azungushe, kwanini asipige tu kasia?

Bi_Chembe

Kwasababu maji kwake sio maji. Sisi tukipiga mbizi tukaacha kupiga mikono tunaendelea kuteleza, uzito wetu unatubeba. Bakteria uzito wake si kitu kabisa mbele ya unato wa maji. E. M. Purcell alikokotoa na kueleza kwenye andiko lake la 1977 kwamba bakteria akiacha kusukuma, anasimama ndani ya umbali pungufu ya upana wa atomu moja. Hapo hapo. Kwake ni kama wewe uogelee ndani ya lami.

Sasa kwenye lami ukivuta kasia nyuma unasogea mbele, ukilirudisha kasia kwa njia ileile unarudi nyuma sawasawa na ulivyoenda, haijalishi umevuta haraka na kurudisha polepole. Mdudu anayejua kufungua na kufunga tu kama chaza hatoki alipo. Lazima mwendo wako ukiurudisha nyuma usifanane na ulivyokwenda. Parafujo inafaa, ukiizungusha upande mmoja haina kurudi. Na mkia unaopitisha wimbi kutoka shingoni kwenda nchani unafaa.

Mdadisi_wa_Usiku

Hiyo ya wimbi ndo mbegu za kiume?

SlaidiMbichi

Ndiyo, na hapo ndo kazini kwangu kila siku, tunahesabu wanaoenda mbele, wanaotikisika palepale na waliosimama. Mkia wa mbegu jina ni flajela ileile lakini sio kitu kimoja kabisa na wa bakteria, hauna mota chini. Ndani yake kuna mirija midogo, jozi 9 zimezunguka na miwili katikati, urefu wote wa mkia, na kati ya jozi kuna protini inaitwa dainini inayopanda juu ya mrija wa jirani. Mirija ingekuwa huru ingepishana tu, lakini imefungwa pamoja kwaiyo kupishana kunageuka kupinda. Upande huu unapinda, halafu upande ule, wimbi linapita.

Na muundo huohuo ndo uko kwenye silia, vile vinywele vya kwenye koo la hewa vinavyosukuma makohozi juu. Hapo seli yenyewe haitembei, imekaa, ila inatembeza kilicho juu yake. Mwaka 1976 Afzelius wa Sweden aliwachunguza wanaume ambao mbegu zao hazitembei kabisa, akakuta dainini haipo kwenye mikia, na watu haohao wana kikohozi na mafua yasiyoisha toka utotoni kwasababu silia nazo zimekufa ganzi. Mpaka hapo mtaelewa. Lakini nusu ya watu wenye tatizo hili moyo wao uko KULIA.

Mdadisi_wa_Usiku

Subiri. Moyo unahusikaje na mkia wa mbegu??

Bi_Chembe

Mimba ikiwa changa kabisa kuna kijishimo chenye silia zinazozunguka na kupeleka majimaji upande wa kushoto, na mtiririko huo ndo unaoamua kushoto ni wapi. Silia zikikosa dainini hakuna mtiririko, hakuna wa kuamua, inakuwa bahati nasibu, nusu kwa nusu.

Mzee_Kizamani

Ahaa! Kwaiyo MKONDO unaamua moyo ukae wapi. Mlinicheka hapo juu.

SlaidiMbichi

😂😂😂 Mzee hapo tumekupa. Mkondo mmoja tumekupa.

MtotoWaSayansi

Na vimelea vya malaria? Nimesikia vinatoka kwenye ngozi mbu akishauma vinakimbilia ini, navyo vinatambaa kama neutrofili?

Bi_Chembe

Sporozoiti hao, ni tofauti na wote tuliowataja. Hatoi mguu, habadiliki umbo, hana mkia, yuko kama mwezi mwembamba na anateleza tu, mikromita 1 mpaka 2 kwa SEKUNDE, yani mara kadhaa ya neutrofili ile inayotakiwa kumkamata. Fanya kama mkanda wa tingatinga. Protini za kunata zinatolewa mbele, chini ya utando maiosini inazivuta kwenda nyuma, zimeshika ngozi kwaiyo yeye ndo anaenda mbele, zikifika mkiani zinakatwa. Aktini na maiosini zilezile, ila mpangilio mwingine kabisa.

Na kuna mwizi mwingine, bakteria anaitwa Listeria, akishaingia ndani ya seli yako yeye hata hana haja ya kutengeneza, anaiba aktini yako. Anaweka protini moja upande wa nyuma wa mwili wake inayoita Arp2/3 yako ije ioteshe kichaka hapo, kinamsukuma kama roketi mpaka anatoboa kuingia seli ya jirani, na wakati wote huo hajatoka nje ambako kingamwili zingemkuta.

fundi_klachi

Huyo nimemvulia kofia na nimemchukia wakati mmoja.

Dada swali langu la mwisho, nitaacha. Seli inapita wapi kama nafasi ni ndogo kuliko yenyewe? Kwenye vidio inajipenyeza kati ya chembe nyekundu, sawa hizo ni laini. Kwenye ukuta wa mshipa je?

Bi_Chembe

Inapita katikati ya seli mbili za ukuta, mara chache hata ndani ya seli moja ikitobolewa njia. Kwanza inabiringika ukutani taratibu, inashika inaachia, damu inaisukuma (Mzee, mkondo wa pili huo chukua), halafu integrini zinakaza inasimama kabisa, inajibapata, inatafuta upenyo. Utando na uji wa ndani vinapita popote, kinachokwamisha ni kiini, ndo kitu kigumu kuliko vyote ndani ya seli. Angalia picha ya neutrofili yoyote, kiini chake sio mpira, kimegawanyika mafundo matatu manne yameunganishwa kwa uzi mwembamba. Wengi wanaona hiyo ndo inamsaidia kupita fundo moja baada ya jingine. Seli za saratani zinazohama zina viini vikubwa na zinateseka hapo, nyingine kiini kinapasuka utando wake njiani halafu kinazibwa upya.

Mdadisi_wa_Usiku

Nimetoka kuirudia vidio sasa hivi. Nimeuona ule mkia wa nyuma mlioutaja, kuna mahali seli imeshageuka inaenda kwingine lakini kipande cha nyuma bado kimenata, kinavutwa kama ubani, halafu pap kinabanduka. Mara 10 zote nilikuwa sijauona, macho yote kwa kijidudu. Sasa kijidudu nikikiangalia naona kabisa kinatikisika tu. Namhurumia kuliko mwanzo.

Mzee_Kizamani

Na mimi nimeitafuta nimeiona. Chembe nyekundu zimesogea lakini, tena zaidi ya moja.

SlaidiMbichi

Zimesogea pale anapopita tu Mzee, anazisukuma kwa mwili wake, akishapita zinatulia. Angalia za pembeni mbali naye.

Mzee_Kizamani

Za pembeni sijaziangalia. Ngoja nirudie.